Mama anasikia runinga lakini haelewi: namna ya kumsafishia sauti, hatua kwa hatua

Natengeneza runinga na redio hapa Moshi, si mbali na soko la Mbuyuni. Haipiti muda mrefu kabla hajashuka mtu kwenye bodaboda amepakata runinga iliyofungwa kwenye shuka. "Fundi, spika za mama zimekufa. Tunaongeza sauti mpaka majirani wanasikiliza, na yeye bado anauliza wamesema nini." Naiwasha mezani. Spika ni nzima.

Usikivu wa mzee hauondoki wote kwa mpigo. Zinatangulia sauti nyembamba za juu, na huko ndiko ziliko s, f, t, sh na ch. Irabu ziko chini na zina nguvu, kwa hiyo zinabaki. Mzee anasikia kabisa kwamba mtu anaongea, ila maneno hayashiki. Ukiongeza sauti yote kwa pamoja, unamzidishia kile ambacho tayari anakipata. Kazi yetu ni kumrudishia konsonanti.

Hatua ya 1: Mpime kwa maneno, kisha masikio yaangaliwe

Simama nyuma yake, hatua mbili hivi, asiione midomo yako. Kwa sauti ya kawaida sema: fika, shika, pika. Mwombe arudie kila neno. Mama mmoja wa Kibosho alinirudishia "pika" mara tatu. "Sema tena baba," akaniambia. Nikahamia mbele yake, nikayasema yale yale kwa sauti ile ile, akayapata yote matatu. Alikuwa anasoma midomo na hajui kama anasoma. Kumbuka jambo hili, tutalihitaji mbele.

Kabla ya kununua chochote, mpeleke hospitali aangaliwe masikio. KCMC wana idara ya masikio, pua na koo. Pengine ni nta tu imeziba, na hiyo huondolewa na mhudumu wa afya, si kwa kijiti cha pamba wala njiti ya kiberiti. Kama usikivu umepotea ghafla, ndani ya siku moja au mbili, au sikio moja tu ndilo limekufa, usingoje Jumatatu. Mpeleke siku hiyo hiyo.

Hatua ya 2: Toa sabufa

Najua ilinunuliwa kwa upendo. Kijana kapata mshahara, kamletea mama sabufa sebuleni. Lakini besi nzito hufunika sauti nyembamba, na hizo ndizo anazozikosa. Sabufa ni ya muziki. Kwa taarifa ya habari, ichomoe.

Hatua ya 3: Menyu ya sauti

Ingia kwenye mipangilio ya runinga, sehemu ya "Sound". Ukikuta "Clear Voice", "Speech" au "News", chagua hiyo. Zima "Surround", maana hutawanya sauti ya mtangazaji na kuifanya ielee. Kama kuna ikwalaiza, yaani vitufe vya kupandisha au kushusha sauti nene na nyembamba kila moja peke yake, shusha vya hezi (Hz) 100 hadi 300, kisha pandisha vya hezi 2,000 hadi 4,000. Kama zipo "Bass" na "Treble" tu, shusha ya kwanza, pandisha ya pili. Panda kidogo kidogo huku mtangazaji akiongea. Mzee akikunja uso kwamba sauti inachoma, rudi nyuma kidogo.

Washa "Auto Volume" kama ipo, ili matangazo ya biashara yasimshtue. King'amuzi nacho kina sauti yake: kiweke karibu na juu kabisa, kisha ongeza au punguza kwa rimoti ya runinga. Watu wengi wamekiacha nusu, wanaifukuza sauti kwenye runinga na kuvuna mikwaruzo.

Hatua ya 4: Chumba

Runinga hizi bapa spika zake zinatazama chini au ukutani. Sauti inagonga sementi, inagonga marumaru, ndipo inamfikia mama ikiwa imevurugika. Zulia sakafuni na mapazia mazito hupunguza mwangwi. Msogeze kiti karibu na umzungushe aitazame runinga uso kwa uso. Dirisha lisiwe nyuma ya runinga, mwanga ukimpiga machoni hataona midomo ya mtangazaji. Kama sikio moja ni zuri kuliko jingine, lielekee huko sauti inakotoka.

Hatua ya 5: Msogezee spika

Kama una nguvu ya kufanya hatua moja tu, fanya hii. Kila umbali unapopungua kwa nusu, sauti inayotoka moja kwa moja kwenye spika hupanda kama desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Mama amekaa mita 4 kutoka kwenye runinga. Ukiweka spika ndogo kwenye stuli, nusu mita kutoka sikioni, umepunguza umbali kwa nusu mara tatu: desibeli 18, na hujamsumbua mtu mwingine sebuleni. Hata mvua ya masika ikipiga bati, bado anapata maneno.

Tafuta spika ndogo ya kuchaji yenye tundu la pini ya milimita 3.5. Sauti itoke wapi? Hapa kuna njia ninayoipenda kuliko zote. Ving'amuzi vingi vikiungwa na runinga kwa waya wa HDMI, yale matundu mekundu na meupe ya nyuma huendelea kutoa sauti. Chukua waya wenye pini nyekundu na nyeupe upande mmoja na pini ya milimita 3.5 upande wa pili, unganisha king'amuzi na spika ya mama. Runinga inaendelea kuwahudumia wengine kwa sauti yao, mama ana yake, na kitufe cha sauti kiko mkononi mwake. Tundu la hedifoni la runinga lenyewe nalo linafaa, ila kwenye runinga nyingi ukichomeka pini, spika za runinga hunyamaza na familia inabaki kimya.

Waya upitishe kandokando ya ukuta na uubane kwa klipu. Usiuache ukatize sakafu. Mzee akijikwaa na kuvunjika nyonga, sauti safi haitamfaa kitu.

Vipi Bluetooth? Inaondoa waya, lakini mara nyingi sauti huchelewa nyuma ya picha. Wewe na mimi tunavumilia. Kwa mama anayesoma midomo, midomo inasema hiki na sikio linasema kile, anachanganyikiwa zaidi. Ndiyo maana bado nang'ang'ania waya.

Akipenda hedifoni, chagua kubwa za kufunika sikio lote. Kama anavaa shimesikio, yaani kifaa cha kumsaidia kusikia, zile za kusukumia ndani hazitamfaa, na hata kubwa zikibana sana kifaa kinaweza kupiga mluzi. Mwangalie asizipandishe mno: Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki.

Hatua ya 6: Jaribu saa mbili usiku

Mkalishe mahali pake wakati wa taarifa ya habari. Usimuulize "unasikia?", atasema ndiyo ili asikusumbue. Muulize habari ya kwanza imehusu nini. Akikosa, sogeza stuli, au kama anasikiliza spika za runinga yenyewe pandisha "Treble" kidogo, mngoje habari ya pili. Akikusimulia mwenyewe, andika mipangilio yote kwenye karatasi uibandike nyuma ya runinga, na kitufe cha sauti ukibandikie kipande cha plasta akitambue kwa kidole. Wajukuu wakija likizo watabadilisha kila kitu.