Jinsi ya Kutosahau Kazi Ndogondogo Zisizo za Kila Siku

Kupiga mswaki hakusahauliki. Kinachotuponyoka ni kitabu cha kuazima kinachotakiwa kurudishwa, fomu inayosubiri saini, fundi aliyepaswa kupigiwa simu. Ni kazi za dakika mbili tatu, ila hazina mahali pake katika siku. Mimi ni katibu muhtasi, na nusu ya kazi hiyo ni kukumbuka mambo ya watu wengine. Hivi ndivyo ninavyofanya.

Hatua ya 1: Andika papo hapo, tena andika kitendo. Neno "benki" kwenye daftari halitakwambia kitu kesho. "Piga simu benki, ulizia kadi mpya" litakwambia. Daftari au simu, chagua kimoja tu.

Hatua ya 2: Ifunge kazi kwenye tukio, usiifunge kwenye saa. Hapa ndipo penye uzito. Kengele ya saa kumi italia ukiwa kikaoni, utaizima, na habari yake imekwisha. Mwaka 1990 wanasaikolojia Gilles Einstein na Mark McDaniel walitofautisha kukumbuka jambo saa fulani ikifika na kukumbuka jambo kitu fulani kikitokea. La kwanza linakutaka ujishtue mwenyewe. La pili linashtuliwa na kile unachokiona.

Kwa hiyo andika: "Nikimaliza chai ya asubuhi, nampigia fundi." Tukio liwe la hakika, na likukute ukiwa na uwezo wa kuifanya kazi yenyewe. "Nikipata nafasi" si tukio. "Nikirudi nyumbani" nalo ni pana mno, maana kurudi nyumbani kuna mambo kumi ndani yake. Sema "nikishaweka funguo mezani".

Hatua ya 3: Weka kizuizi njiani. Fomu ikae juu ya viatu utakavyovaa, kitabu kining'inie kwenye kitasa cha mlango ndani ya mfuko. Lazima ukiguse ndipo utoke. Karatasi za kubandika ukutani sizitegemei: zikikaa siku chache, macho huzizoea na huzioni tena.

Na kumwomba mtu akukumbushe? Mara nyingi mnaishia kusahau wawili.

Hatua ya 4: Za mbali zitie kwenye kalenda, kwa tarehe ya kuanza. Watu huandika siku ya mwisho, wakakumbushwa wakati mambo yameshaharibika. Nchi nyingi humtaka mgeni awe na pasipoti yenye angalau miezi 6 kabla ya kuisha, kwa hiyo tarehe iliyochapwa ndani yake haikufai kama kikumbusho. Rudi nyuma miezi 9 au zaidi, uandike hapo: "Peleka maombi ya pasipoti mpya."

Hatua ya 5: Pitia daftari mara moja kwa wiki. Kazi iliyohamishwa wiki mbili mfululizo, ifanye hapohapo ukiwa umeshika kalamu, au ifute.