Jinsi ya Kuomba Kuuza Hisa kwa Umma Kupitia EGM

Kampuni ndogo haihitaji historia ndefu ya faida ndipo iingie Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE). Humo ipo EGM, Soko la Kukuza Ujasiriamali, lililowekwa kwa ajili ya kampuni za namna hiyo. Maendeleo Bank ilitangulia kuorodheshwa humo mwaka 2013.

Anzieni kabatini, kwenye nyaraka za kampuni. Mwanahisa alishafariki lakini hisa bado zina jina lake, mkurugenzi aliikopesha kampuni bila mkataba, kiwanja kilinunuliwa kwa hela ya kampuni na hati ikaandikwa jina la mwanzilishi: hayo yote yatafukuliwa. Yamalizeni kabla hamjalipa mtaalamu yeyote.

Kama bado ni kampuni binafsi, itisheni mkutano mkuu mpitishe azimio maalumu la kuigeuza kuwa ya umma. Linahitaji robo tatu ya kura. Azimio na katiba iliyorekebishwa vinapelekwa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni.

Kisha tafuteni mshauri mteule, anayeiongoza kampuni kuingia EGM, ambaye sokoni wanamwita Nomad. EGM haipokei kampuni isiyo naye, na mtaendelea naye hata baada ya kuorodheshwa. Kwa hiyo msichague kwa kuangalia ada tu. Muulizeni ameshaingiza kampuni zipi sokoni.

Kazi kubwa ni waraka wa matarajio, unaomweleza mnunuzi wa hisa habari za kampuni. Humo mnaweka hesabu zilizokaguliwa, wakurugenzi, bei ya hisa, hatari za biashara na matumizi ya fedha. Kwenye matumizi ndipo wengi huandika “kukuza mtaji” wakaishia hapo. Semeni wazi: mashine mbili za kukamua alizeti, ghala, fedha za kununulia mbegu msimu wa mavuno, kila kimoja na kiasi chake. Mwalimu anayetoa akiba yake ana haki ya kujua inakwenda wapi. Hatari nazo msizipake sukari.

Waraka unakwenda Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana (CMSA), na maombi ya kuorodheshwa yanakwenda DSE. Maswali yatarudi, yajibuni kwa maandishi. Kabla ya idhini, msiuzie umma hata hisa moja.

Idhini ikitoka, hisa zinauzwa kupitia madalali, na mnunuzi hufunguliwa akaunti ya CDS, ambamo hisa zake hutunzwa kielektroniki. Waraka uwe umeeleza kiwango cha chini cha fedha za kukusanywa, na kwamba kisipofikiwa watu watarudishiwa zao.

Mkihitaji fedha tena baadaye, ipo njia ya hisa stahiki: wanahisa waliopo wanapewa nafasi ya kwanza ya kununua, kila mmoja kwa uwiano wa hisa alizonazo.