Kijana wako akiwa gerezani kwa sababu ya unga (heroini): mambo ya kufuatilia

Kazi yangu hapa Mombasa ni mateja, yaani waraibu wa unga, na familia zao. Akina mama huniuliza: "Miezi yote hiyo yuko ndani, si ameshapona?" La, mama. Arosto, yale maumivu ya kukosa unga, imepita; hamu ya unga ingalipo. Tena gerezani nako unga huingia.

Kama alikuwa kwenye methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, wahi. Nenda kliniki yake na kadi, uombe barua inayotaja kiwango cha dozi na siku aliyokunywa mara ya mwisho. Methadoni hunywewa kila siku mbele ya mhudumu; aliyekosa siku kadhaa mfululizo harudishiwi dozi ileile, maana yaweza kumuua. Barua hiyo ifike zahanati ya gereza, isiishie getini. Gereza la Shimo la Tewa, hapa Mombasa, wana kliniki ya methadoni humo humo ndani. Kwingine uliza: dawa italetwa, au atapelekwa?

Ukiambiwa "tuna programu", usiridhike upesi. Mawaidha na ushauri nasaha ni vizuri, sivipingi, lakini kwa mtu wa heroini bila dawa havitoshi. Mimi huuliza jambo moja: siku ya kutoka, nani anampokea? Jimbo la Rhode Island, Marekani, lilianza mwaka 2016 kuwapa wafungwa dawa na kuwaunganisha na kliniki za nje. Waliokufa kwa kuzidisha dozi baada ya kutoka walikuwa 26 nusu ya kwanza ya mwaka huo. Kipindi kama hicho 2017 wakawa 9.

Basi jua tarehe yake mapema. Mpokee getini mwenyewe, na kesho yake asubuhi awe kliniki. Msiandae karamu ya kuwaita marafiki wa maskani. Wiki mbili za mwanzo ndizo hatari kuliko zote: mwili umesahau unga, naye akirudia kipimo chake cha zamani hakiwezi tena. Mwambie hivyo waziwazi, hata kama unaona haya.

Ukimkuta anakoroma vibaya, haamki, midomo imebadilika rangi, usimnyweshe maziwa wala maji ya chumvi. Naloksoni, dawa ya kuzima nguvu ya heroini mwilini, ikiwapo, mpe. Mwite jirani mwenye gari. Akiwa bado anapumua, mlaze ubavu. Pumzi ikikatika, mpulizie mdomoni hadi mfike hospitali, na daktari umwambie kweli alichotumia.