Namna ya Kubuni Mashimo Matatu ya Gofu Katika Ardhi ya Uwanda

Anayetaka kutengeneza kiwanja kidogo cha gofu Makunduchi, Jambiani au Micheweni, huku kwetu Zanzibar, mara nyingi wazo lake la kwanza ni kuleta buldoza livunje mwamba wa matumbawe na kuisawazisha ardhi. Ninamsihi asifanye hivyo. Wasanifu wa viwanja vya gofu waliosifika kwa ubunifu, hata wale ambao wenzao waliwaona watu wa ajabu, walikitazama kikwazo walichokikuta na kukipa kazi. Nami ninaamini kwamba uwanda wetu, yaani ardhi hii ya mwamba wa matumbawe, kwa mawe na mashimo yake, ni ardhi tajiri kwa mchezo huu. Katika gofu, shimo ni njia nzima kutoka pa kuanzia kupiga mpaka kwenye kitundu cha mpira; mashimo matatu mafupi ya namna hiyo, ya mita 90 hadi 130 kila moja, yanaweza kukaa katika eka nne au tano.

Anza kwa sheha na wenyeji. Waulize makaburi yako wapi, mizimu iko wapi, visima viko wapi, na njia za watu kuelekea pwani na mashambani zinapita wapi, kisha uyatenge maeneo hayo kabisa kabla ya kuchora mstari wowote.

Baada ya hapo tembea, na utembee sana. George Crump, mwenye hoteli wa Philadelphia, aliishi ndani ya eneo lenyewe alipokuwa akiujenga uwanja wa gofu wa Pine Valley huko New Jersey, Marekani, naye alifariki mwaka 1918 kabla mashimo yote 18 hayajakamilika. Msanifu Mike Strantz alikuwa akizunguka kwa farasi na kuchora kila shimo kwa mkono. Tobacco Road, uwanja wake uliofunguliwa North Carolina mwaka 1998, ulikaa mahali palipokuwa machimbo ya mchanga. Wewe nenda kwa miguu, asubuhi na alasiri, ukiwa na daftari, na kila unaposimama andika upepo unakotoka. Shimo linaloelekea kaskazini litakuwa gumu wakati wa kaskazi na jepesi wakati wa kusi, kwa hiyo elekeza mashimo yako matatu pande tatu tofauti. Asiyecheza gofu naye asijione hana nafasi hapa: Seth Raynor alikuwa mpima ardhi tu, si mchezaji, msanifu Charles Blair Macdonald alipomchukua ampimie eneo la uwanja wa National Golf Links of America, na baadaye akawa msanifu wa kuheshimiwa.

Sasa tafuta kikwazo chako. Huko North Berwick, Uskoti, shimo la 13 lina ukuta mfupi wa mawe uliopita mbele kabisa ya grini, yaani lile eneo laini lenye kitundu cha mpira, na mchezaji hana budi kuuvusha mpira juu yake. Nani kati yetu hajaona kuta kama hizo kusini mwa Unguja, zilizopangwa kwa mawe bila saruji ili kulinda mazao? Ikiwa ukuta umeachwa na mwenyewe ameridhia, weka grini hatua chache nyuma yake. Kule Lahinch, Ireland, liko shimo fupi liitwalo Dell, kazi ya msanifu Old Tom Morris ya mwaka 1894, ambalo grini yake imejificha baina ya vilima vya mchanga, na jiwe jeupe juu ya kilima ndilo linalomwonesha mchezaji mahali pa kulenga. Jiwe la matumbawe lililopakwa chokaa litafanya kazi hiyo hiyo kwetu, mradi asimame mtu wa kuhakikisha kwamba hakuna anayepita upande wa pili.

Shimo lililochimbwa mawe ya kujengea lisifukiwe. Msanifu Pete Dye alipokuwa akijenga uwanja wa TPC Sawgrass huko Florida, uliofunguliwa mwaka 1980, mchanga mzuri ulichimbwa karibu na shimo la 17 mpaka likabaki bonde kubwa. Mkewe, Alice, ndiye aliyetoa wazo la kulijaza maji na kuiacha grini kama kisiwa. Leo hilo ni miongoni mwa mashimo yanayojulikana zaidi duniani. Kinyume chake ni msanifu Desmond Muirhead, aliyechora shimo lenye umbo la nguva huko Florida. Ninauheshimu ujasiri wake, lakini umbo linaloonekana vizuri kutoka angani halimsaidii mchezaji aliyesimama chini, na kwa hilo simshauri mtu amfuate.

Kuhusu udongo, grini iwekwe penye kichanga, kwa kuwa maji hayatuami. Ukitaka majani, paspalamu huvumilia maji ya chumvi kuliko aina nyingi. Hata hivyo, penye uhaba wa maji ninaona bora grini ya mchanga ulioshindiliwa na kusawazishwa kwa reki. Wengine huuchanganya mchanga huo na mafuta. Hapa petu hilo liepukwe kabisa, na mbolea nayo itiwe kwa kipimo kidogo sana, maana mwamba wetu una vitundu na kila kinachomwagwa juu hufika visimani.

Mwisho ni kupima. Alister MacKenzie, daktari aliyegeuka msanifu wa viwanja na aliyejifunza mbinu za kujificha kwa kuwatazama Makaburu vitani Afrika Kusini, alitaka mitego ya mchanga, yaani mashimo ya mchanga ya kumkwamisha mchezaji, ionekane kana kwamba ni ya asili, na mchezaji dhaifu awe na njia yake ya kuzunguka. Kwa hiyo usinyooshe kingo za mtego kwa kamba. Piga vigingi ardhini panapopangwa grini, mwite kijana mwenye nguvu na mzee asiye nazo, na uwatazame wakipiga mipira ishirini kila mmoja. Mzee akikosa kabisa pa kupita, sogeza vigingi. Rudia zoezi hilo kaskazi na kusi, na baada ya hapo ndipo uchimbe kitundu chenyewe cha mpira, chenye upana wa milimita 108 na kina kisichopungua milimita 102.