Bakapu ya databesi ipitie kadi yake yenyewe

Wenzangu wa Kampala mnaotunza seva za sacco na zahanati, bakapu ikipita kadi ileile ya netiweki wanayotumia wateja mfumo unakuwa mzito, kwa hiyo weka kadi ya pili kwenye seva ya databesi, ipe anwani mfano 10.10.10.2/24, seva ya bakapu iwe 10.10.10.3, na geitiwei (anwani ya kutokea nje ya netiweki) usiiweke kabisa kwa hiyo kadi, hapo ndo wengi wanaharibu, trafiki ya nje inaanza kutafuta njia huko. Kwa PostgreSQL (programu ya databesi) ongeza anwani hiyo ya 10.10.10.2 kwenye listen_addresses (anwani inazosikiliza) ndani ya postgresql.conf, kwenye pg_hba.conf (faili la nani anaruhusiwa kuunganisha) weka mstari wa replication (ruhusa ya kunakili databesi) wa 10.10.10.3 tu, ristati PostgreSQL. Kisha toka seva ya bakapu:

pg_basebackup -h 10.10.10.2 -U bakapu -D /bakapu/leo

Ukitaka uhakika kwamba bakapu inapita kadi hiyo, hapohapo kwenye seva ya bakapu piga ip route get 10.10.10.2. Halafu restoa (rudisha) bakapu hiyo kwa mashine nyingine uone kama inafanya kazi, tafadhali msiruke hii.