SOMO: Video inaliza watu lakini hakuna anayejitokeza? Soma hapa kabla ya kuniuliza

Wakuu, nimechoka. Kila wiki naulizwa lile lile: "Video yangu imetazamwa sana, mbona hakuna aliyefanya nilichoomba?" Naandika leo, na atakayeuliza tena nitamrushia uzi huu.

Kwanza tuelewane kuhusu mtu asiyejali. Huyu si mpinzani. Mpinzani ameshaamua, unaweza kubishana naye hadi usiku. Asiyejali hana ugomvi na wewe, ana shughuli zake tu, na kidole chake kipo kwenye skrini tayari kukupita.

1. Chagua tendo moja. Ukishindwa kulitaja kwa pumzi moja, bado hujalichagua.

2. Chagua mtu mmoja wa kusimulia habari zake. Mwaka 2007 watafiti watatu wa Marekani, Small, Loewenstein na Slovic, walichapisha jaribio ambalo washiriki walilipwa dola 5, kisha wakaombwa kuchangia wenye njaa. Waliosimuliwa habari za mtoto mmoja wa kike, kwa jina na picha, walitoa wastani wa dola 2.38. Waliopewa takwimu za mamilioni walitoa 1.14. Waliopewa vyote viwili je? 1.43. Mtoto yuleyule, picha ileile, ila takwimu zilikaa pembeni yake zikamfifisha.

3. Rekodi. Simu inatosha. Futa lenzi. Dirisha liwe mbele ya anayezungumza, sio mgongoni kwake.

4. Anza katikati ya jambo. Salamu, nembo na muziki wa kufungulia, toa vyote. Weka manukuu, yaani maneno yanayosemwa yaandikwe kwenye skrini, maana wengi hutazama sauti ikiwa imezimwa.

5. Ombi. Hapa ndipo nilipoumbuka, kwa hiyo vumilieni maneno mengi.

Niliwahi kutengeneza video ya kuhamasisha uchangiaji damu. Dakika nne. Kuna mama amekaa kwenye benchi anasubiri habari za mwanawe, mkononi ana karatasi ya hospitali. Anaikunja, anaikunjua, anaikunja tena, mpaka karatasi inaanza kuchanika kwenye mkunjo. Sikumwambia afanye vile, kamera iliikuta tu mikono yake. Watu waliandika kwamba wamelia. Walisambaza. Nikajiona fundi.

Siku ya kuchangia tulipanga viti kumi na viwili. Walikuja watu wanne, na wawili kati yao ni wenzangu wa kamati.

Usiku ule niliitazama video upya. Mwisho wake unasema: "Damu ni uhai. Tuchukue hatua." Hatua ipi? Wapi? Siku gani? Niliwajaza watu uchungu halafu nikawaacha nao, wakautua kwenye maoni na kwenda kulala. Kulia kuliwapa raha ya kuwa wameshafanya kitu.

Jambo hili lilishaonekana zamani. Mwaka 1965 mtafiti wa saikolojia Leventhal na wenzake waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu cha Yale, Marekani, vijitabu kuhusu pepopunda. Vingine vilitisha sana, vingine kidogo. Waliotishwa walisema zaidi kwamba chanjo ni muhimu, lakini hofu peke yake haikuwapeleka kuchanjwa: walikwenda kama asilimia 3 tu. Waliopewa pia ramani yenye kituo, nyakati za chanjo, na kuombwa wapange watapitia saa ngapi, walikwenda kama asilimia 28. Ramani na mpango tu, jamani.

ONYO LA KWANZA: ombi liwe na mahali, siku, saa na muda litakaochukua. "Jumamosi, saa tatu asubuhi, mlango wa nyuma wa jengo, uje na kitambulisho." Halina ushairi. Ndilo linaloleta watu.

ONYO LA PILI, kosa langu jingine: chini ya video niliandika "Inasikitisha kuwa watu wengi hawachangii damu kabisa." Nilidhani nawaaibisha, kumbe nawapa ruhusa. Asiyejali akisoma hivyo anajiambia, ala, kumbe niko na wenzangu. Kwenye hifadhi ya Petrified Forest, Arizona, Marekani, mtafiti wa saikolojia Cialdini na wenzake walijaribu mabango ya kuzuia wizi wa vipande vya miti iliyogeuka mawe. Bango lililolalamika kwamba wageni wengi wameviiba lilifuatwa na wizi wa asilimia 7.92 ya vipande ambavyo watafiti waliviweka kama mtego. Lililoomba tu visichukuliwe, asilimia 1.67.

6. Maandishi ya chini ya video. Mstari wa kwanza ni ombi. Hadithi inafuata.

7. Anayeandika "nitakuja", muulize saa ngapi. Usimpongeze kwanza.

---

Mpitanjia: Somo zuri mkuu. Sasa mimi naanzia wapi?

Jibu: Hatua ya 1.

Mpitanjia: Nimesoma, ila nina mambo manne ya kuwaomba na yote ni muhimu.

Jibu: Basi hujasoma.

Kalamu Kavu: Utafiti wa 1965, tena wanafunzi! Watu wa leo ni wengine.

Jibu: Sijasema uamini kwa sababu ni wa Yale. Chukua tangazo lako, toa nakala mbili, moja iwe na saa na mahali, nyingine isiwe nazo. Zigawe kwa watu tofauti, hesabu wanaokuja. Mimi nilifanya hivyo mara ya pili na viti havikutosha. Ukipata tofauti, leta hapa, nitabadilisha somo.

Tausi: Nauliza kwa nia njema. Yule mama wa karatasi, haikuwa kumtumia? Machozi ya mtu kugeuzwa chambo?

Jibu: Afadhali umeuliza dada, hili lilistahili hatua yake. Kwanza, aliyerekodiwa akiwa na hofu hajakubali kikamilifu hata akisema ndiyo, kwa hiyo nilimrudia baadaye, mambo yalipotulia. Pili, nilimwonyesha video nzima kabla haijatoka. Aliomba nikate kipande anachotaja maradhi ya mtoto, nikakata. Mikono akaiacha, akasema, "Hiyo ndiyo siku yenyewe." Kipimo changu: ningeweza kuitazama nikiwa nimekaa naye?

Mhasibu: Kwa hiyo sisi wa takwimu tufunge virago?

Jibu: Hapana. Zipe nafasi pale mtu anapouliza: kwenye ukurasa wa maelezo, au kwa anayeidhinisha fedha. Kwenye video, ukilazimika, weka namba ndogo anayoweza kuiona kichwani. "Viti kumi na viwili, vinane vitupu" inaonekana.

Kipepeo: Mimi sauti ndiyo inaniua. Nje upepo unafunika kila kitu.

Jibu: Simu ya pili ifanye kuwa maiki: washa kinasa sauti, itie mfuko wa shati wa mzungumzaji, apige makofi mara moja mwanzoni ili uoanishe sauti na picha wakati wa kuhariri.

Tausi: Na uivishe soksi nyembamba iliyo safi, upepo unapungua sana. Ila ziweke simu zote mbili kwenye hali ya ndege. Mimi nilipigiwa katikati ya ushuhuda, kurekodi kukakatika, na mzee wa watu hakutaka kurudia.

Kipepeo: Soksi! Naijaribu kesho asubuhi.