Jinsi ya kutazama mazoezi ya sumo kambini Tokyo, hatua kwa hatua

Wageni wanaonipigia simu kutoka Dar au Mombasa wakijiandaa kuja Tokyo huniuliza kwanza habari za tiketi za sumo, mieleka ya Kijapani. Mashindano makuu ni sita kwa mwaka, kila moja siku 15, na Tokyo hupata matatu tu: Januari, Mei na Septemba. Tiketi huisha mapema. Ukiipata, nenda. Lakini kama una asubuhi moja tu ya kuijua sumo, amka alfajiri uende kambini. Ukumbini pambano huisha kwa sekunde chache nawe umekaa mbali. Kambini unakaa hatua chache kutoka kwenye duara, unasikia miili ikigongana na pumzi zikikatika.

Kambi huitwa heya, neno lenye maana ya chumba. Kwa kweli ni nyumba. Chini kuna uwanja wa udongo, jikoni na bafu. Juu wanalala vijana. Mkuu wake ni oyakata, mwanasumo mstaafu, na mara nyingi mkewe ndiye anayeshika shughuli za nyumba. Basi adabu zote nitakazozitaja hapa chini zina chanzo kimoja: unaingia nyumbani kwa watu, nao wako kazini.

Hatua ya 1: Chagua wiki kabla ya kuchagua siku

Machi kambi zote ziko Osaka, Julai ziko Nagoya, Novemba ziko Fukuoka, na huhamia huko mapema kabla ya mashindano kuanza. Aprili, Agosti, Oktoba na Desemba wanasumo wakubwa huzunguka mikoani kwa maonyesho. Wiki inayofuata mashindano ni ya mapumziko. Ukishayaondoa hayo yote, wakati mzuri unaobaki ni zile wiki mbili hivi kabla ya mashindano ya Tokyo, tangu siku inapotangazwa banzuke, yaani orodha mpya ya madaraja. Kwa kawaida hutangazwa Jumatatu, siku 13 kabla ya mashindano kuanza, ila ya Januari hutoka mapema zaidi, mwishoni mwa Desemba. Hapo kila mtu ameshajua kama amepanda au ameshuka, na mazoezi huwa makali. Mimi napendelea mwisho wa Aprili kuingia Mei, kwa sababu sakafu za kambi wakati wa baridi hupenya hadi kwenye mifupa.

Hatua ya 2: Piga hodi, kwa simu

Usiende bila taarifa. Mwaka wangu wa kwanza nilijitokeza mlangoni kwa kambi moja asubuhi, bila kumwambia mtu. Kijana akafungua, akainama, akaniambia leo hakuna mazoezi, na nyuma yake nilikuwa nasikia vishindo vya miguu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba lile lilikuwa jibu la heshima kwa mtu aliyefika bila hodi.

Kambi nyingine hazipokei watazamaji kabisa. Nyingine hupokea, ila lazima uandamane na mtu anayejua Kijapani. Ukiwa mgeni mtupu, una njia mbili: kumlipa mwongoza watalii aliyezoeleka na kambi husika, au kumwomba mtu wa mapokezi hotelini akupigie simu siku moja kabla. Apige alasiri, maana baada ya chakula cha mchana vijana hulala. Maneno ya kuuliza ni haya: "Ashita no asa, keiko wa arimasu ka?" (Kesho asubuhi kuna mazoezi?) na "Kengaku dekimasu ka?" (Inawezekana kutazama?). Yasome kama yalivyoandikwa. Irabu za Kijapani ni a, e, i, o, u zile zile zetu, na mzungumzaji wa Kiswahili huyatamka vizuri kuliko wageni wengi.

Wakisema hapana, shukuru. Usibembeleze.

Hatua ya 3: Ukikosa ruhusa, kuna dirisha

Kambi ya Arashio iko Nihonbashi Hamacho, karibu na stesheni ya Hamacho kwenye reli ya Toei Shinjuku. Ina madirisha makubwa yanayotazama barabara, na siku za mazoezi unasimama nje ukatazama bure, takriban kuanzia saa 1:30 asubuhi hadi saa 4. Angalia saa vizuri hapa: matangazo yao yataandika 7:30, nayo ni saa moja na nusu yetu. Nimeona Mswahili mwenzangu akifika mazoezi yameshakwisha zamani. Usigonge kioo, usizibe njia ya wapita kwa miguu, na uzungumze kwa sauti ya chini. Majirani wamewavumilia watazamaji kwa miaka mingi. Tusiwe sisi wa kuwachosha.

Hatua ya 4: Jiandae usiku uliotangulia

Soksi safi zisizo na tundu, kwa kuwa viatu vinabaki mlangoni. Suruali pana au sketi ndefu itakayokuruhusu kukaa chini kwa saa mbili. Usinywe chai nyingi asubuhi, kwa sababu kutoka katikati ya mazoezi ni aibu. Beba zawadi ndogo umkabidhi mwenyeji kwa mikono miwili. Mimi hupeleka kahawa ya Kilimanjaro. Jina hilo linafahamika sana Japani, na uso wa mpokeaji hubadilika anapoambiwa kwamba mlima wenyewe uko kwetu.

Kambi nyingi ziko mtaa wa Ryogoku na jirani zake. Shuka stesheni ya Ryogoku kwa treni ya Chuo-Sobu. Ukikutana njiani na harufu tamu, nzito kidogo, hiyo ni bintsuke, mafuta ya kufungia nywele zao. Umekaribia.

Hatua ya 5: Kuingia na kukaa

Sema "Ohayo gozaimasu" kwa sauti ya wastani, inama, vua viatu, uelekezwe pa kukaa. Watazamaji hukaa kwenye sakafu iliyoinuka mbele ya uwanja, alipo oyakata mwenyewe, kila mtu juu ya mto wake. Vua kofia na miwani ya jua. Zima simu kabisa, au uliza mapema kama picha zinaruhusiwa. Mwanga wa kamera hauruhusiwi kamwe.

Namna ya kukaa ndiyo inayowashinda wengi. Kaa kama kwenye tahiyatu ukiweza, ukichoka kunja miguu. Usinyooshe miguu kuelekea uwanjani. Kumwelekezea mtu nyayo ni utovu wa adabu huko kama ilivyo mbele ya wazee wetu, na duara lile wao hulihesabu kuwa patakatifu. Ukutani utaona kialtari cha miungu yao. Kwa sababu hiyo hiyo mgeni hakanyagi udongo. Wanawake hukaa na kutazama pamoja na wengine, ila kwa mila yao mwanamke haingii kabisa ndani ya duara.

Usizungumze, usile, usipige makofi hata ukiona mweleka wa ajabu.

Hatua ya 6: Ujue unachokitazama

Hapa ndipo wengi huchoka, wakidhani hakuna kinachotokea. Anza na mikanda. Mweusi ni wa madaraja ya chini, mweupe ni wa sekitori, yaani walio katika madaraja mawili ya juu. Katika sumo nzima sekitori ni 70 tu, na hao ndio wenye mshahara. Waliobaki hupata makazi, chakula na posho. Vijana wa chini huanza asubuhi na mapema, wakiwa hawajala kitu. Wakubwa huteremka baadaye. Mkubwa anapoingia, tazama jinsi kila mtu anavyomwamkia, na nani anambebea maji na taulo.

Kwanza ni shiko: mguu unapanda juu, unatulia hewani, kisha unapigwa chini. Mara mia na zaidi. Tazama goti la ule mguu uliobaki chini, maana hapo ndipo utakapomtambua fundi. Kisha suriashi, kutembea kwa kuburuza nyayo bila kuziinua, na teppo, kuisukuma nguzo ya mbao kwa viganja. Wengine watatanua miguu mpaka kifua kilale kwenye udongo.

Ndipo mapambano yanaanza. Mshindi hubaki ndani ya duara lenye upana wa mita 4.55, na pambano likiisha tu wote humrukia wakipaza sauti wachaguliwe. Anayechaguliwa sana hujifunza sana. Mnyonge anaweza kumaliza asubuhi nzima bila kuguswa na mtu. Mimi huwatazama hao wasiochaguliwa, jinsi wanavyorudi kurukia tena na tena.

Mwisho kabisa ni butsukari. Mkubwa anatoa kifua, mdogo anamsukuma kutoka upande hadi upande, anatupwa, anabingirika, anainuka. Anafanya hivyo hadi miguu inakataa, mgongo umejaa mchanga, na bado anaambiwa tena. Huonekana kama ukatili. Lakini anayetoa kifua naye anaumia, na mdogo hamalizi bila kumshukuru. Mzee wa kambi anaweza kukaa saa nzima bila neno, kisha akatamka sentensi moja na uwanja mzima ukabadilika.

Hatua ya 7: Kuondoka

Subiri wapige ufagio na kurundika kilima kidogo cha mchanga katikati ya duara. Inama, sema "Arigato gozaimashita", utoke. Usingoje kualikwa chakula.

Chanko, mchuzi wao mzito, utaupata kwenye migahawa ya Ryogoku, mingine ikimilikiwa na wanasumo wastaafu. Kuku hupendwa kwa sababu husimama kwa miguu miwili. Mnyama wa miguu minne ni kama mtu aliyegusa chini, ameshashindwa. Hata hivyo, msomaji Mwislamu asijiaminishe kwa hilo. Osunaarashi wa Misri, Mwafrika wa kwanza kufika daraja la juu kabisa, Novemba 2013, alipigana mashindano ya Julai akiwa amefunga Ramadhani, na mwaka 2014 akawaangusha yokozuna wawili, wenye cheo kikuu cha sumo, kwa siku mbili mfululizo. Hata yeye ilimbidi awe macho na kilichomo chunguni. Buta ni nguruwe, sake ni pombe ya mchele, mirin nayo ina pombe: yaandike hayo matatu kwenye karatasi umwonyeshe mhudumu kabla hajawasha jiko la mezani.